Mwongoza ndege kaniambia nishuke, nikagonga Rwenzori: kosa ni la nani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nipo Fort Portal, nina kompyuta niliyoiunga mwenyewe na simuleta ya urubani. Jumamosi nilirusha King Air 350 kutoka Entebbe kwenda Kasese, mawingu mazito, kimo cha futi 16,000. Nikiwa maili 30 mashariki ya Kasese, mwongoza ndege wa ndani ya programu akaniambia nigeuke mwelekeo wa nyuzi 290 za dira na nishuke hadi futi 9,000. Nikatii. Baada ya dakika chache ndege ikajibamiza mlimani. Mimi nilidhani ukiwa mikononi mwa mwongoza ndege unalindwa. Kosa ni la nani? Na nitajuaje kimo kilicho salama hata pale ninapoambiwa nishuke?"

Marahaba, kijana wangu. Mwongoza ndege huyo alikosea, na wewe pia ulikosea, ila makosa yenu hayafanani. Nitaanza na la kwake, maana ndilo linalowachanganya hata wanafunzi wa urubani wa kweli.

Watu wengi wanaamini mwongoza ndege yupo ili kuilinda ndege na kila kitu. Sivyo. Taratibu za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zimeitaja kazi yake bila kuficha: kuzuia ndege zisigongane zenyewe kwa zenyewe, kuzuia ndege iliyo chini uwanjani isigonge vizuizi vya hapo, na kuhakikisha safari zinakwenda kwa mpangilio bila kukwama. Kuzuia ndege isigonge mlima hakumo. Mlima ni wa rubani. Ni kweli kwamba mwongoza ndege hatakiwi kukupa kimo kilicho chini ya kile ambacho nchi imekiweka kwa njia hiyo, lakini anayepaswa kulihakiki hilo kabla ya kusukuma pua chini ni wewe uliyekaa mbele.

Ipo hali moja inayoyageuza mambo, na ndiyo iliyokukuta. Mwongoza ndege akikutoa kwenye njia iliyochapwa kwenye chati, akakupa mwelekeo wake mwenyewe kwa kutumia rada, au akakukatisha moja kwa moja kwenda mahali nje ya njia, hapo anaibeba dhamana ya vizuizi mpaka pale utakapoanza tena kujiongoza mwenyewe. Ndiyo maana kwenye skrini yake kuna ramani iliyogawanywa vipande, na kila kipande kina kimo cha chini ambacho haruhusiwi kukushusha chini yake. Akikuambia sasa endelea mwenyewe, dhamana imerudi kwako. Ukikubali kukaribia uwanja kwa macho, imerudi kwako. Ukiwa unaruka kwa sheria za macho, yaani kwa kutazama nje, tangu mwanzo, haikutoka kwako hata dakika moja.

Kwa hiyo yule wa kwenye programu alipokupa 290 na futi 9,000 aliibeba dhamana ya Rwenzori, kisha akaiangusha. Kosa lake ni hilo.

Sasa jiulize kwa nini aliiangusha. Waongozaji wengi wa ndani ya programu hupiga hesabu ya uwanja ulipo, njia ya kurukia imeelekea wapi, na ndege ianze kushuka umbali gani. Hesabu hiyo inaweza kufanyika yote bila kuuliza ardhi iliyo katikati ina urefu gani. Mimi mwenyewe programu moja, ambayo sitaitaja, iliwahi kunishusha ndani ya bonde usiku, sauti tulivu kabisa, kana kwamba ninakwenda kutua ufukweni. Na ukiingia kwenye mitandao ya simuleta kama VATSIM au IVAO, anayekuongoza ni mtu aliyejitolea. Wengi wao wamefunzwa vizuri nami nawaheshimu sana, lakini anaweza kuwa ana ndege sita kwa wakati mmoja, na skrini yake huenda haina hata mstari mmoja unaoonyesha mlima.

Kuna jambo jingine ambalo lingekushtua papo hapo kama ungelijua. Rada inaona kwa mstari ulionyooka, na dunia imejipinda. Kutoka Entebbe hadi Kasese ni takriban maili 140 za baharini. Chukua rada iliyosimama Entebbe, kwenye usawa wa uwanja, karibu futi 3,780 juu ya bahari. Ndege iliyo futi 9,000 iko futi 5,200 hivi juu ya usawa huo. Tafuta kipeuo cha pili cha 5,200, zidisha kwa 1.23, utapata karibu maili 89. Zaidi ya hapo ndege iko nyuma ya mgongo wa dunia, na hapo hujavihesabu vilima vya njiani. Ili rada hiyo ikuone ukiwa juu ya Kasese, ungehitaji kuwa futi 16,000 na zaidi. Redio nayo, ile ya masafa ya VHF tunayozungumzia, inafuata mstari huohuo. Basi siku nyingine ukisikia unaongozwa kwa rada karibu na Kasese ukiwa futi 9,000, uliza moyoni: huyu ananionaje?

Nije kwenye kosa lako. Hukuwa na sakafu.

Sakafu ni neno langu, nililipata kwa mwalimu wangu wa kwanza. Tulikuwa kwenye ndege ndogo ya injini moja, mawingu yametuzunguka, nami niko makini na mwelekeo wangu, najisifu kwamba sindano haitikisiki. Bila kusema kitu akanyoosha mkono, akaifunika altimita, kile kipimo cha kimo, kwa kiganja. Akaniuliza, "Sakafu yako ni ngapi?" Nikamtajia kimo tulichokuwa. Akasema hapana, sijakuuliza tuko wapi, nimekuuliza hatuwezi kwenda chini ya wapi. Sikuwa na jibu. Hakuondoa kiganja mpaka nilipofungua chati magotini, nikatafuta namba, nikaitamka kwa sauti. Mpaka leo nikipanda ndege ya kweli au nikikaa mbele ya skrini, kila kipande cha safari kina sakafu yake, imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, si kichwani.

Tuitafute sakafu ya safari yako, maana Rwenzori ni mwalimu mkali. Huu si mlima wa volkano kama Elgon, unaopanda polepole kwa mapana. Ni bonge la ardhi lililosukumwa juu pembeni ya Bonde la Ufa, ndiyo sababu unasimama ghafla. Wewe wa Fort Portal unaujua: asubuhi mawingu yakifunguka unauona, saa nne umeshajifunika. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, yaani futi 16,763. Uwanja wa Kasese uko futi 3,150 hivi. Kati ya uwanja na kilele ni takriban maili 18 za baharini, kaskazini-magharibi.

Angalia kwanza kimo chako cha safari, hata kabla hujaambiwa kushuka. Ulikuwa futi 16,000. Kilele ni 16,763. Ulikuwa unasafiri chini ya mlima ulio mbele yako, na kilichokulinda ni kwamba ulikuwa hujaufikia tu. Kanuni ya ICAO kwa anayeruka kwa vifaa kwenye nchi ya milima, pasipo kimo kingine kilichowekwa na nchi, ni futi 2,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho ndani ya kilomita 8 kutoka mahali unapokadiria upo. Kwingine ni futi 1,000. Kwa hiyo juu ya Margherita sakafu ni 18,763, sema 18,800. Anayekwenda magharibi hupewa maelfu shufwa ya futi, yakiandikwa kwa mamia: 160, 180, 200. Ya 180 haitoshi. Ya kwanza inayotosha ni 200.

Halafu ule mwelekeo wa 290. Chukua rula, uanzie maili 30 mashariki ya Kasese. Mstari unapita kaskazini mwa uwanja kwa maili 10 hivi, unaingia usawa wa bonde la mto Mubuku, ile njia ya wapanda mlima, na mbele yake ni kundi la vilele vikubwa vyenyewe. Ukienda noti 240, yaani maili 240 za baharini kwa saa, unakula maili 4 kila dakika. Dakika zisizozidi kumi zilitosha kukutoa tambarare hadi kwenye mteremko uliofika futi 9,000.

Utasema, ningeupanda. Ngoja tupige hesabu. Kutoka Kasese hadi sakafu ya 18,763 ni futi 15,600 na kidogo. Gawa kwa maili 18: karibu futi 870 kwa kila maili. Njia za kuondokea viwanjani kwa kawaida huchorwa kwa kudhani ndege itapanda futi 200 kwa maili. Ukipanda kwa noti 180 unakwenda maili 3 kwa dakika, kwa hiyo unatakiwa kupanda futi 2,600 kila dakika, dakika sita mfululizo, mpaka kwenye hewa nyembamba ya futi 18,000 na zaidi. King Air ni ndege hodari, lakini kasi hiyo haitaishikilia mpaka huko juu. Tena huo ni wastani. Mteremko wa kwanza unaanza mapema, hausubiri maili ya 18.

Ongeza joto. Kasese saa nane mchana, nyuzi 30, hewa ni nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona kama iko futi 5,700 badala ya 3,150. Injini inapumua vibaya, mabawa yanashika kidogo. Ukipanga kwamba ukikosa kutua utapanda tu, panga kwa hewa hiyo, si kwa hewa ya kitabu.

Na kugeuka je? Kwa noti 240, ukilaza bawa nyuzi 25, nusu ya upana wa duara lako la kugeuka ni karibu maili 1.8. Kurudi nyuma kabisa kunakula upana wa maili 3.6. Mabonde ya Rwenzori hayana nafasi hiyo.

Sasa, sakafu inapatikana wapi? Kwenye chati ya kukaribia uwanja tafuta duara dogo pembeni, limekatwa vipande kama chapati, lina herufi MSA. Hicho ni kimo cha usalama ndani ya maili 25 kutoka kwenye kituo kilichotajwa, na kila kipande cha chapati kina namba yake. Kinakupa angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kwenye kipande hicho. Kwenye chati za njia utaona namba za chini za kila njia, na juu ya ramani miraba ya nyuzi moja kwa moja ya latitudo na longitudo yenye tarakimu mbili za ukubwa tofauti: kubwa ni maelfu ya futi, ndogo ni mamia. Hiyo ndiyo MORA ya miraba, yaani kimo cha chini kilicho salama ndani ya mraba huo.

Hapa nataka utulie kidogo, maana mtego huu nimewaona wengi wakiuingia. Uwanja wa Kasese uko longitudo 30 na dakika 6 mashariki. Margherita iko longitudo 29 na dakika 52. Mstari wa 30 unapita katikati yao, maili 6 tu magharibi ya uwanja. Maana yake uwanja uko kwenye mraba mmoja na kilele kiko kwenye mraba mwingine. Ukisoma namba ya mraba wa Kasese peke yake, utapata sakafu ambayo haimjui Margherita kabisa. Mrukaji wa kweli anasoma mraba wake na wa jirani, kisha anachukua ulio juu. Fanya hivyo kila mara uwanja unapokuwa karibu na ukingo wa mraba.

Kama simuleta yako haina chati ya Kasese yenye duara la MSA, lichore. Pata Little Navmap, ni programu ya bure, inakuonyesha miraba ya MORA na umbo la ardhi chini ya njia yako kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama unavyoona mlima ukiutazama kwa ubavu. Bando dogo la intaneti linatosha kuipakua. Weka kalamu pembeni. Gawa safari vipande vitatu au vinne, na kila kipande ukiandikie namba moja tu. Usiandike aya. Namba.

Kuhusu altimita sitakaa sana. Weka shinikizo la mahali ulipo, kwa sababu kila hektopaskali unayokosea ni kama futi 27 hadi 30 za uongo. Ukitoka kwenye shinikizo kubwa kwenda dogo bila kurekebisha, ndege iko chini kuliko inavyosema. Joto letu linakusaidia, maana kwenye hewa ya moto uko juu kidogo kuliko sindano inavyoonyesha, lakini usiikate sakafu kwa sababu hiyo. Siku utakayorusha Norway wakati wa baridi mambo yanageuka, na hapo lazima uongeze.

Usidhani makosa haya ni ya watoto wa simuleta. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya TWA, safari namba 514, aina ya Boeing 727, ilikuwa inakaribia uwanja wa Dulles karibu na Washington. Ilipewa kibali cha kukaribia. Marubani walikielewa kibali hicho kwamba sasa wanaweza kushuka hadi futi 1,800, kimo kilichohusu kipande cha mbele zaidi cha njia. Kati yao na kipande hicho kulikuwa na kilima, Mount Weather, Virginia. Wote 92 walikufa. Mwongoza ndege alidhani wanajua. Wao walidhani wanalindwa. Ni maneno yako yaleyale, kijana wangu, "nilidhani unalindwa". Baada ya ajali hiyo maneno ya vibali yalifafanuliwa upya, na Marekani ikazilazimisha ndege za mashirika kufunga kifaa cha kuonya juu ya ardhi.

Miaka 21 baadaye kifaa kilikuwepo, na bado. Tarehe 20 Desemba 1995, American Airlines 965, Boeing 757, ilikuwa inashuka Cali, Kolombia, usiku, ndani ya bonde lenye milima pande zote. Mwongoza ndege hakuwa na rada. Marubani waliingiza herufi R kwenye kompyuta ya ndege wakitafuta kituo cha Rozo kilicho mbele yao, kompyuta ikachagua kituo kingine upande wa Bogotá, ndege ikageuka kushoto huku inaendelea kushuka. Walipogundua wamepotea njia, waligeuka kurudi, lakini hawakusimamisha kushuka. Kifaa kilipiga kelele, wakasukuma nguvu zote na kuinua pua, ila breki za hewa juu ya mabawa zilibaki wazi. Watu 159 kati ya 163 walifariki. Ninapofundisha, ninawaonyesha wanafunzi jambo moja tu hapo: ukipoteza uhakika wa ulipo, kwanza acha kushuka. Kutafuta njia kunafuata baadaye.

Na sisi wenyewe tuna kidonda chetu. Agosti 2012 helikopta tatu za jeshi letu la Uganda zilizokuwa zinaelekea Somalia zilianguka kwenye Mlima Kenya, watu saba wakapoteza maisha. Siandiki hili kumnyoshea mtu kidole. Naliandika ujue kwamba milima yetu ya ukanda huu haisamehi.

Kwa hiyo utafanyaje ukiambiwa shuka? Kabla hujagusa kitufe cha kimo, jicho liende kwenye karatasi. Kimo ulichopewa kiko juu ya sakafu ya kipande hiki? Shuka. Kiko chini? Kataa. Redioni neno ni moja, "unable", yaani siwezi, ukifuatisha na sababu: ardhi. Halafu omba unachotaka, kwa mfano kubaki kimo ulichopo au kugeuka mashariki. Hakuna mwongoza ndege wa kweli atakayekukasirikia kwa neno hilo, na kwenye mitandao ya kujitolea mwongoza ndege mwenye busara atakushukuru. Wa programu hana hisia. Asipokuelewa, futa mpango, jiongoze mwenyewe. Nimesikia vijana wanasema eti kukataa kunaharibu uhalisia wa simuleta. Kukataa ndiyo uhalisia wenyewe.

Tena ndani ya ndege una macho mengine. Kama King Air yako ina ramani ya ardhi kwenye skrini, iwashe kila unaposhuka. Nyekundu ni ardhi iliyo juu yako kwa zaidi ya futi 2,000. Njano iko karibu na kimo chako au juu kidogo. Na usiipuuze radio altimita, ile inayopima kutoka tumboni mwa ndege hadi chini. Inaanza kusoma chini ya futi 2,500. Ukiwa kimo cha futi 9,000 ukipita tambarare za Kasese inapaswa kuwa kimya, maana ardhi iko karibu futi 5,850 chini yako. Ikizinduka ghafla na namba zikaanza kuteremka, 2,500, 2,300, 2,000, wewe hujashuka. Ni ardhi iliyopanda hadi futi 6,500. Karibu na Kasese ardhi ya futi 6,500 ina jina moja. Kwa noti 240, kwenye mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 5, umebakiwa na sekunde kama 30.

Sekunde hizo 30 zitumie hivi: nguvu zote za injini, mabawa yanyooshwe, pua iinuliwe mpaka karibu na mwisho wa uwezo wa bawa, breki za hewa kama zipo zifungwe, magurudumu na flapu uziache zilivyo. Usianze kuuliza redioni. Endelea kupanda hadi uipite sakafu, ndipo useme.

Sasa safari yako ya Kasese. Usiiache, ni safari nzuri. Ipange mchana, anga likiwa wazi. Toka Entebbe, kaa juu ya sakafu ya kila kipande, na usivuke kwenda magharibi ya uwanja. Lenga Ziwa George, kusini-mashariki ya Kasese, maji yake yako futi 3,000 hivi. Shuka juu ya ziwa ukiwa unaliona kwa macho. Ukifika sakafu yako na hujaona maji, hujapata Kasese leo: geuka mashariki, mgongo kwa mlima, panda, rudi Entebbe na mafuta uliyoyapangia kurudi.

Ila kabla ya hiyo, nataka urudie ile ya Jumamosi. Ondoa mawingu yote. Jiweke maili 30 mashariki, mwelekeo 290, futi 9,000, jicho moja kwenye radio altimita. Itakapozinduka, simamisha simuleta papo hapo, inua macho, utazame nje ya kioo kwa dakika nzima. Kisha anza tena ukiwa kimo cha 200, upite juu ya Margherita, uone theluji yake kutoka juu. Niandikie ulichokiona mara zote mbili, pamoja na karatasi yako ya sakafu, nami nitakupangia Kisoro, ambako mji uko futi 6,200 na Muhabura, wa futi 13,540, uko chini ya maili 7 kutoka uwanjani.